Ufa Ulio Chini ya Rangi

Malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita Lusahunga, wilayani Biharamulo, kuelekea Rusumo na Kabanga, wilayani Ngara. Uhai wa wengi njiani hutegemea viungo vya trela vilivyochomelewa. Na rangi mpya huficha ufa.

Baadhi ya viwanda vya magari ulimwenguni hukipasha kiungo joto, kisha hukitazama kwa kamera ya joto: kiungo kizima hupitisha joto upesi, chenye kasoro hulizuia. Hakikatwi wala hakiharibiwi.

Jambo hili lawahusu pia ndugu zetu wa visiwani, maana kivuko nacho ni chuma kilichochomelewa, ingawa mabamba yake manene hupimwa zaidi kwa mawimbi ya sauti.

Twaitaka Serikali iwape wakaguzi vyombo hivyo na mafunzo, isiwaachie macho matupu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.