Majani makavu si takataka
Msitu wa Amani, Usambara Mashariki, unategemea kazi inayofanyika chini, ardhini. Udongo wa milima ile ni mkongwe, mvua imeuchuja virutubisho kwa miaka mingi mno. Sehemu kubwa ya akiba ya virutubisho imo kwenye miti yenyewe na majani yanayoanguka. Fukua kidogo chini ya mti mkubwa: juu utakuta jani zima, chini yake jani lililobaki mishipa tu, kisha mboji nyeusi yenye nyuzi nyembamba za kuvu. Jongoo na mchwa hutafuna, kuvu na bakteria humalizia. Kuna kuvu wengine wanaoishi ndani ya mizizi. Hao huuletea mti fosforasi, nao mti huwalipa sukari. Kwa kuwa akiba imo kwenye miti na majani, shamba lililofyekwa msituni na kuchomwa hustawi misimu michache, kisha mahindi yanageuka manjano. Ndugu zangu mnaoishi kando ya misitu, msichome majani makavu. Yaacheni yaoze hapo hapo.