Nguva au Simba? Ugomvi wa Vijana Wetu

Juma lililopita vijana saba walitujia hapa ofisini, wavulana watano na wasichana wawili, wote wenyeji wa pwani. Wametunga kwa mikono yao, bila ya mshahara, programu ya kompyuta ya kumsaidia mtu kusoma hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Programu yenyewe ni huria, yaani kila atakaye aweza kuichukua, kuifungua ndani, kuitengeneza na kumpa mwenziwe bila ya kulipa senti. Kazi hiyo twaisifu, maana waraka wa babu huliwa na mchwa sandukuni hali mjukuu hajui hata umesema nini. Lakini hawakuja kutaka sifa. Walikuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa mnyama.

Msomaji, usicheke. Watu wa programu huria wana ada ya kujichagulia mnyama wa nembo, naye ndiye anayejulikana na watu kabla ya kazi yenyewe kujulikana. Ada hiyo ina historia, na vijana wetu hapana budi waijue kabla hawajashikana mashati.

Mwaka wa 1991 kijana wa Kifini, Linus Torvalds, alianza kuandika Linux, programu ambayo leo huendesha kompyuta chungu nzima duniani. Ilipofika 1996 wenziwe wakatafuta nembo. Kuna waliotaka papa, kuna waliotaka tai. Yeye akasema ampenda pengwini, yule ndege wa bahari za baridi asiyeruka, na amtaka akiwa amekaa kitako, ameshiba samaki, hana haja na mtu. Larry Ewing akamchora hivyo. La ajabu ni kwamba nembo ilishindaniwa, na pengwini huyo hakushinda. Lakini watu walimpenda, akabaki, na walioshinda leo hawatajwi. Sisi twaona siri yake ni ile shibe. Kompyuta humtisha mtu asiyeizoea, na kiumbe aliyeshiba hamtishi mtu.

Sasa tazama walioteleza. Wako wenye programu za ukoo wa BSD, zilizotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hao walijichorea kijishetani chekundu, chenye pembe, mkia na uma mkononi. Ukiwauliza watakwambia kwamba katika ufundi wao neno hilo ni la programu ifanyayo kazi nyuma ya pazia bila ya kuonekana, na kwamba asili yake ni neno la Kiyunani lisilokuwa na ubaya. Twawafahamu. Sisi watu wa pwani twajua tofauti ya jini na shetani, na hicho walichokikusudia ni karibu na khadimu asiyeonekana kuliko Ibilisi. Lakini jicho halisomi maelezo. Jicho huona pembe. Mzee akiona picha hiyo katika kompyuta ya mjukuu wake ataizima kwanza, kisha ndipo aulize. Wala si Waislamu peke yao waliochukizwa, maana hata kwao wako wengi walioudhika. Mwaka wa 2005 wale wa FreeBSD waliwashindanisha wachoraji wapate nembo mpya, wakapata tufe jekundu. Pembe, hata hivyo, hawakuweza kuziacha.

Wenzao wa OpenBSD walichagua bunju. Hapa sisi twawapigia makofi, maana wasiokuwa wavuvi wamefikiri kama wavuvi. Kazi yao ni usalama wa kompyuta, na kila aliyekulia ufukweni ajua kwamba bunju hamfukuzi mtu, ila anayemla bila ya kumjua hajiulizi mara ya pili.

Na Afrika je? Mwaka wa 2004 ilitoka Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina ni letu sote Wabantu, ndio utu wenyewe. Lakini toleo la kwanza la Oktoba mwaka huo walilipa jina la ngiri! Utu ukapandishwa mgongoni mwa ngiri. Kweli picha hailiwi, na kila toleo lina mnyama wake, kwa hiyo ngiri alipita akaenda zake. Hata hivyo ni funzo kwa anayetaka kuingia nyumba za watu wa Lamu na Mambrui. Tulilolifurahia zaidi ni la MySQL, hazina ya data iliyoanzia Sweden. Wao nembo yao ni pomboo, na walipowaomba watu wampe jina, aliyeshinda ni mwana wa Afrika mwenye asili ya Uganda aliyekuwa akiishi Swaziland, nchi ambayo sasa yaitwa Eswatini. Alimwita Sakila, jina la kike la huko, na pia jina la mji mmoja wa Arusha. Basi msidhani mlango huu twafungiwa.

Turudi kwa vijana wetu. Watatu wamtaka simba. Tuliwauliza, simba yupi? Simba wa mabango ya watalii, wa chupa na sanduku la kiberiti? Mwandishi wa zile hati alikaa barazani, akakata kalamu ya mwanzi, na simba hakupita hapo. Mmoja amtaka tembo, kwa hoja kwamba ametajwa katika Kurani na ana sura yake. Hoja si mbaya, ila nyuki, chungu na buibui nao wana sura zao, na ndovu tayari wamekwisha mchukua watu wa PostgreSQL. Tena akimchagua, na aandike ndovu. Akiandika tembo, wagema watadhani twawatangazia biashara.

Msichana mmoja, aliyenyamaza muda wote, alisema: nguva. Wavulana wakacheka. Wa kwanza akasema nguva ni mzito, watu watadhani programu ni nzito. Wa pili akasema nguva wamekwisha, na jambo lililokwisha si nembo. Wa tatu alileta ule utani wa wavuvi juu ya nguva na wanawake, ambao gazeti hili halitauandika, na yule msichana akainamisha macho.

Sisi tuko pamoja na msichana. Nguva ni mzito, lakini kusoma hati ya miaka mia mbili si mbio za ngalawa. Na kwamba wamekwisha, hiyo ndiyo hoja yetu. Mwaka wa 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliandikwa katika daraja ya viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Kundi kubwa lililosalia liko Bazaruto, Msumbiji. Kwetu humuonekani ila kwa nadra, pande za Lamu na Kiunga. Jarife humnasa, naye ni mnyama wa kuvuta pumzi, akizuiliwa chini hufa. Mwaka wa 2009 watu wa Linux walimwondoa pengwini wao kwa toleo moja, wakamweka mnyama mdogo wa Tasmania anayemalizwa na maradhi ya uso, ili dunia imjue. Hati na nguva vyatoweka katika bahari moja na mbele ya macho yale yale. Ama huo utani, aibu ni ya anayeusema, si ya nguva wala ya msichana.

Jambo moja la kazi lisisahauliwe. Ewing aliruhusu picha yake itumiwe na hata kugeuzwa na yeyote, mradi atajwe. Nao waandikiane mapema na mchoraji wao, wasije wakadaiana baadaye.

Mchoraji wenyewe hajamwona nguva maishani mwake, na karatasi aliyotuonyesha ilikuwa na mkia wa duara. Mkia wa nguva umegawika kama wa pomboo. Yuko mzee mmoja hapa mjini, zamani mvuvi wa visiwani, aliyewaona wakila majani chini ya maji. Amekubali kukaa nao Ijumaa baada ya sala, na amewaambia waje na penseli na kifutio.