Zinki ya Kipushi isipimwe kwenye betri tu, ipimwe na kwenye damu ya mama

Tangu Juni 2024 Kipushi inatoa zinki tena. Mgodi ulioanza mwaka 1924 chini ya Union Minière, ukasimama mwaka 1993 mikononi mwa Gécamines, sasa unachimbwa kwa ubia wa Gécamines na kampuni ya Ivanhoe Mines ya Kanada. Vijana wengine wamepata kazi na biashara imechangamka. Hakuna mwenye akili anayeomba shimo lile lifungwe tena. Kinachopaswa kuulizwa ni hiki: madini haya yakichunguzwa, yanachunguzwa kwa faida ya nani?

Wataalamu wa betri wana majibu mengi. Betri za kawaida, yale mawe ya tochi na radio, zinafanya kazi kwa zinki na manganizi: zinki inaliwa polepole, umeme unatoka. Leo maabara nyingi duniani zinatafuta namna ya kutumia zinki katika betri kubwa za kuhifadhi umeme wa jua, kwa sababu haishiki moto kirahisi na bei yake ni nafuu. Kongo nayo haikutaka kubaki nyuma. Aprili 2022 Lubumbashi ilipata kituo cha Afrika cha utafiti wa betri, na mwezi huohuo serikali ilitia saini na Zambia mapatano ya kutengeneza betri pamoja. Ni jambo jema. Nchi inayouza mawe tu itabaki ikinunua betri.

Lakini zinki haiishii kwenye betri. Inaingia pia kwenye tumbo la mama. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba yai la mwanamke, linapoamshwa lianze kukua, linatoa zinki kwa wingi kwa ghafla. Bila zinki hakuna uzazi. Ila mwili unataka kiasi chake, na zinki ya mgodini haitembei peke yake. Kwa kawaida mawe yake hufuatana na risasi, kadimi na aseniki, ambazo zinajulikana kwa kudhuru mimba.

Hapa ndipo kazi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi inapostahili heshima. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake, pamoja na wataalamu wa Ubelgiji, walitangaza kwamba Katanga watu wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda vya kuyeyushia madini wana kobalti nyingi mno katika mkojo. Baadaye, kati ya Machi 2013 na Februari 2015, walichunguza watoto 138 waliozaliwa Lubumbashi wakiwa na ulemavu unaoonekana, wakawalinganisha na wengine 108 waliozaliwa bila ulemavu. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Baba akiwa na kazi ya madini, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na ulemavu ulikadiriwa kuwa mara 5 na nusu zaidi. Watoto walikuwa wachache, kwa hiyo kadirio hilo linaweza kupanda au kushuka sana. Manganizi nyingi katika damu ya kitovu nayo iliambatana na hatari hiyo. Na kuna habari njema: akina mama waliotumia vitamini wakati wa mimba walikuwa na hatari ndogo zaidi.

Utafiti huo haukusema kwamba madini ndiyo yaliyowaharibu watoto wale. Ulisema kwamba kuna jambo la kufuatiliwa. Na aliyekwisha kuona moshi hangoji nyumba iungue ndipo atafute maji. Damu ile ilichukuliwa karibu miaka 10 kabla zinki ya Kipushi haijaanza kutoka tena. Mama aliye na mimba leo karibu na mgodi hawezi kujibiwa kwa damu ya mwaka 2014.

Wako na watafiti wa aina ya tatu, ambao wengi hawawaiti watafiti: mafundi wa mavazi. Kinshasa, kundi la Kongo Astronauts, la Michel Ekeba na Eléonore Hellio, linatengeneza mavazi ya mwanaanga kwa mabaki ya vyombo vya umeme, kisha mtu anayavaa na kutembea barabarani. Anayemwona haelezwi jambo kwa tarakimu. Anaona madini yaliyotoka ardhini mwake yamerudi kama takataka, yamemganda mtu mwilini. Lubumbashi nayo ina kituo cha Picha, kinachoandaa maonyesho makubwa ya sanaa tangu mwaka 2008. Ripoti za uzazi zinaandikwa kwa Kiingereza na kukaa maktabani. Vazi linafika sokoni.

Mwanakemia, daktari wa uzazi na fundi wa mavazi wanashika kitu kimoja bila kukaa meza moja. Anayefunguliwa milango mikubwa ni mwanakemia, maana kazi yake inaahidi kiwanda. Wengine watasema kupima damu ya wajawazito kutawatisha wawekezaji. Mwekezaji anayeogopa kipimo ana sababu ya kuogopwa.

Pesa ya kuanzia haihitaji kuombwa Ulaya. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inataka kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na wawakilishi wao wana haki ya kukaa kwenye meza inayoamua matumizi yake. Waombe mambo matatu: vitamini kwa kila mama mjamzito, daftari la kudumu la ulemavu katika kila nyumba ya uzazi, na vipimo vya damu vinavyorudiwa kila mwaka, majibu yakitolewa kwa Kiswahili.

Sheria hiyohiyo inatenga asilimia 10 ya redevance ya madini kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Katika Kiswahili, kizazi ni watu watakaokuja kesho, na kizazi ni tumbo la mama. Mfuko unaosahau cha pili hautamkuta wa kwanza.