MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Kuandaa Mkutano wa Chanjo

Mwezi huu walimu wawili wa vigango vya jirani wameniandikia wakitaka shauri. Wanakusudia kuwakusanya watu wao kwa ajili ya chanjo za watoto, nao wauliza mkutano wa namna hiyo huandaliwaje. Nimefurahi kuulizwa, ila nimeona haya kidogo pia, kwa kuwa mkutano wangu wa kwanza ulikuwa mbaya. Nitawaeleza ubaya wake kabla ya jambo jingine lo lote, mpate kuuepuka.

Siku ile nilipiga kengele baada ya sala ya Jumapili, watu wakajaa hata nje ya mlango. Nikasimama mbele yao, nikasema muda wa saa nzima juu ya surua, kifaduro, dondakoo na pepopunda. Nilisema vizuri, au nilijiona hivyo. Kisha, nikitaka maneno yangu yawachome, nikamtaja mama mmoja kwa jina la mwanawe, nikasema mbele ya wote kwamba mtoto wake ametimiza mwaka wala hajapata sindano ya surua. Watu wakacheka. Yeye akainama, akamfunika mtoto kwa kanga, asijibu neno. Wiki iliyofuata wakaenda zahanati watoto wale wale ambao wangalikwenda hata kama nisingalisema kitu. Yule mama hakwenda. Alijitenga na zahanati, akajitenga nami pia.

Miezi michache baadaye surua ikaingia kitongojini kwao. Mtoto akapona, lakini jicho lake la kushoto limebaki jeupe, halioni. Surua hufanya hivyo, hasa kwa mtoto aliyepungukiwa na vitamini A. Sasa yumo katika darasa langu, naye hukaa upande wa kushoto kabisa, ili ubao uwe upande wa jicho lake zima.

Nilichelewa sana kwenda kwao kuomba radhi. Nilipokwenda, bibi yake alinikaribisha kigoda, akanitazama kitambo, akasema, “Mwalimu, siku ile ulitusema. Hukutuuliza.” Ndipo mama mwenyewe akanieleza. Alikuwa amekwenda zahanati mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa watoto waliokuja ni wachache, chupa haiwezi kufunguliwa, arudi Alhamisi. Alhamisi akarudi, lakini mtoto alikuwa na kikohozi, akaambiwa angoje apone. Baadaye mvua ikapita katika paa, kadi ya kliniki ikaloa hata haisomeki, naye akaogopa kukemewa kwa sababu ya kadi. Kutoka kwao hata zahanati ni mwendo wa saa mbili. Basi nilimwita mvivu mbele ya watu, kumbe alikuwa ametembea saa nane kwa miguu kwa ajili ya sindano ile moja.

Tangu hapo shauri langu kwa kila mwalimu ni hili: mkutano usianze siku ya mkutano. Uanze wiki tatu kabla, nyumba kwa nyumba, nanyi mwe na daftari. Andikeni jina la kila mtoto aliye chini ya miaka miwili, tarehe aliyozaliwa, na chanjo zilizotiwa alama katika kadi yake. Kama alama inakosekana, msiseme “Mbona?” kwa sauti ya hakimu. Semeni, “Mama, safari ile ilikuwaje?” Kisha nyamazeni, mwandike atakayosema kwa maneno yake. Kazi hii yataka watu wawili, mmoja awe mwanamke, na kama kuna mhudumu wa afya wa kijiji basi twaeni huyo, maana yeye anajulikana hata milango ya nyuma. Mwalimu aliye peke yake na daftari lake hufanana mno na mtoza kodi.

Mkiisha kuzunguka, mtaona, kama nilivyoona mimi, kwamba wanaokataa chanjo kwa kusudi ni wachache. Walio wengi walianza, wakakwama njiani. Tena vikwazo vyao vingi vina jibu, na majibu hayo yafaa myajue kabla ya kuwaita watu.

Habari ya chupa ni hivi. Dawa ya surua huja katika chupa kama unga mkavu, na mara nyingi chupa moja hutosha watoto 10. Ikiisha kuchanganywa na maji yake, hudumu saa 6 tu, na itakayobaki hutupwa. Mwuguzi akiona mtoto mmoja tu amekuja huogopa kupoteza dozi 9, kwa maana atadaiwa hesabu. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa kuwa dawa hupatikana tena, bali mama aliyerudishwa pengine hatarudi. Kikohozi kidogo au mafua hayamzuii mtoto kuchanjwa. Mtoto aliyechelewa haanzi upya. Huendelea pale alipoishia. Na kadi iliyopotea huandikwa nyingine kutoka katika rejesta ya zahanati.

Kwa hiyo, kabla ya mkutano, nendeni kwa mwuguzi wenu. Nendeni faraghani, wala msimpelekee mashtaka. Mara nyingi ni mtu mmoja anayepima wajawazito, anayefunga vidonda, anayezalisha usiku, na asubuhi analinda jokofu la chanjo lisitoke katika nyuzi 2 hadi 8. Mwelezeni mliyoyaandika katika daftari, bila majina. Mwulizeni yeye naye ana shida gani. Wa kwetu alisema akijua siku mbili kabla watakuja watoto wangapi wa surua, angefungua chupa bila hofu. Jambo hilo lilikuwa jepesi kabisa: sasa wazee wa vitongoji humpelekea hesabu kwa simu. Mambo haya mawili, simu ile na ahadi yake ya kutomkemea mtu kwa kadi, yameleta watoto wengi kuliko hotuba yangu ya saa nzima.

Ni kweli pia kwamba wako wanaoogopa. Hao nao msiwadharau. Iko habari ya mtu mmoja wa Merca, mji wa pwani ya Somalia, aitwaye Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi katika hospitali ya mji ule, siku ambazo ndui ilikuwa ikifukuzwa duniani kote kwa chanjo. Mtu wa hospitali, aliyezungukwa na wachanjaji kila siku, lakini yeye mwenyewe aliikwepa chanjo kwa sababu aliona itamwuma. Mwezi wa Oktoba 1977 waliletwa wagonjwa wa ndui, naye akapanda garini nao kwa dakika chache tu ili amwonyeshe dereva njia. Akaambukizwa. Akapona, na watu wa afya wakawachanja wote waliomkaribia, ugonjwa usipite kwa mwingine. Ndiye mtu wa mwisho duniani kuupata ndui katika hali ya kawaida ya maambukizo. Tarehe 8 Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukatangaza kwamba ndui imekwisha. Maalin alipokuwa mtu mzima alijitolea katika kazi ya chanjo ya polio nchini mwake, akawa anawaeleza wazazi waliosita jinsi yeye alivyoogopa na yaliyompata. Mwaka 2013 polio iliporudi Somalia alitoka tena kwenda kazini, akashikwa na malaria, akafa mwezi wa Julai mwaka huo.

Nawaeleza habari hii kwa sababu ya jinsi alivyosema na watu. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu aliyewahi kuogopa, naye alikiri. Katika mkutano wenu tafuteni watu wa namna hiyo: mama aliyekuwa na mashaka akaenda, baba aliyekuwa akikataza akageuka. Dakika 10 za mtu huyo ni bora kuliko saa nzima ya kwangu au ya kwenu.

Sasa juu ya wa kualikwa. Msialike watu 200. Alikeni kama 30, nao wachaguliwe. Akina mama wenye watoto wachanga, naam, lakini pia akina bibi, kwa kuwa katika nyumba nyingi neno la mama mkwe ndilo linalofungua mlango au kuufunga. Waalikeni akina baba wanaotoa nauli, mkunga wa jadi, mwenyekiti wa kitongoji, na sheikh pamoja na jamaa zake, kwa maana surua haiulizi mtu asali wapi. Kwa sababu hiyo hiyo msikutane kanisani. Sisi tulikaa chini ya mwembe wa shule, wakaja wote. Angalieni siku isiwe ya gulio wala ya kupanda.

Kisha wagawanyeni kwa muda. Wake vijana wakae peke yao na mwuguzi, mbali na mama wakwe zao. Mara ya kwanza sikulifahamu jambo hili, nikashangaa mbona wanawake vijana wako kimya kama maji ya mtungi. Walipotengwa walisema hata jua likageuka.

Katika mazungumzo, elezeni machache yaliyo wazi. Huku kwetu Tanzania mtoto hupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa. Hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14. Surua na rubela hupata akiwa na miezi 9, tena akiwa na miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo isahauliwayo sana. Watu hudhani ya kwanza yatosha, lakini katika kila watoto 100 wachanjwao wakiwa na miezi 9, kama 15 hawapati kinga, nao hawajulikani kwa macho. Mgonjwa mmoja wa surua aweza kuwaambukiza watu 12 hata 18 wasio na kinga. Ndiyo sababu hutakiwa watoto 95 katika kila 100 wawe wamepata dozi zote mbili, ndipo ugonjwa ukose pa kupita. Waambieni pia, bila kuficha, kwamba mtoto aweza kupata homa kidogo au paja kuvimba siku moja au mbili. Mama asiyeambiwa hili hudhani amedanganywa, naye akidhani hivyo mara moja hamtampata tena.

Litakuja na lile la wasichana. Tanzania ilianza Aprili 2018 kuwachanja wasichana wote wa miaka 14 wasipate saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14, ikawa dozi moja tu. Uvumi wa kwamba inaua kizazi umefika kila kijiji, wala msidhani kwenu haukufika. Anayeuliza asichekwe, kwa maana anamwogopea binti yake. Mjibuni kwamba saratani hii huletwa na kirusi, kwamba chanjo humkinga binti na kirusi hicho kabla hajakutana nacho, na kwamba haigusi uwezo wake wa kuzaa. Saratani yenyewe ndiyo inayowapeleka wanawake kuondolewa kizazi. Tulipofika hapo, mzee mmoja, ambaye sikumtazamia kabisa, alisimama akasema dada yake alikufa hivyo. Hakuna aliyeongeza neno.

Juu ya fedha nitasema kidogo. Chakula kiwepo, wali na maharage yatosha, na mtu wa kuwatunza watoto wakati mama zao wanasema. Posho msiahidi. Ukimlipa mmoja leo, kesho mkutano wote utakuwa ni shauri la posho.

Kabla watu hawajatawanyika, kila kiongozi apewe nyumba 10 na ukurasa wake wa daftari, na siku itajwe ya kukutana tena baada ya mwezi mmoja kutazama majina yaliyosalia. Siku hiyo ya pili ndiyo ngumu, maana hakuna wali. Sisi tulikuja watu saba. Tukasoma majina yaliyosalia moja moja, kwa sauti ya chini, tukaulizana nani anaijua nyumba ile na nani aweza kusindikiza. Majina manne yalikuwa ya kitongoji cha mbali, ng'ambo ya mto, na mwuguzi akakubali kubeba kisanduku chake cha barafu akavuke mwenyewe.

Mkutano wetu mwingine ni baada ya mavuno. Nimemwomba yule mama wa mtoto mwenye jicho moja aje aseme, kama apenda, na nimemwambia kwamba mimi nitasema kwanza, nieleze nilivyomtenda. Amejibu kwamba atafikiri. Sijamwuliza mara ya pili.