Vita vya bei vilivyoishia karakana

Microsoft ya Marekani iliwahi sokoni Novemba 2005, ikauza mashine ya michezo ya Xbox 360 kwa dola 299 na 399. Sony ya Japani ilifuata mwaka mmoja baadaye na PlayStation 3 ya dola 499 na 599, bei iliyowashtua wanunuzi.

Hata hivyo, urahisi nao una gharama zake. Xbox nyingi ziliharibika, taa nyekundu zikiwaka, na Julai 2007 Microsoft ililazimika kurefusha dhamana ya hitilafu hiyo hadi miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1. Sony nayo ilishuka hadi dola 399 Novemba 2007, lakini toleo hilo halikuchezesha tena diski za PlayStation 2.