Saa za rubani chipukizi huanza kuhesabiwa siku anayopata leseni

KILA mwaka vijana huhitimu kutoka vyuo vya urubani vilivyo katika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, wakiwa na leseni ya urubani wa kibiashara na takriban saa 200 za kuruka. Nyuma ya kila leseni kuna mamilioni ya shilingi, na mara nyingi kuna shamba lililouzwa au mkopo wa chama cha ushirika ambao mzazi angali analipa. Hata hivyo, ni wachache wanaotahadharishwa mapema kwamba leseni hiyo huanza kupungua thamani siku ile ile inapotolewa.

Cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho bila hicho leseni ya kibiashara haina nguvu, hudumu miezi 12 kwa rubani ambaye hajatimiza miaka 40. Kabla ya kubeba abiria, rubani hutakiwa awe amepaa na kutua angalau mara tatu katika siku 90 zilizotangulia. Idhini ya kuruka kwa kutegemea ala, yaani ndani ya mawingu pasipo kuiona ardhi, nayo huhitaji kuthibitishwa upya angani mbele ya mtahini. Yote haya hulipiwa na mtu asiye na mshahara.

Kosa linalorudiwa ni la mpangilio. Mwanafunzi humaliza mitihani ya nadharia, husubiri mtihani wa angani, kisha husubiri leseni itolewe, ndipo aandike barua yake ya kwanza ya kuomba kazi. Anapoitwa kwa mahojiano miezi minane baadaye, kurasa za mwisho za daftari lake la safari ni tupu. Mkuu wa marubani hutazama kurasa hizo kwanza. Mwenye saa 210, 20 kati yake zikiwa za mwezi uliopita, ana la kujitetea kuliko mwenye 260 ambaye hajashika usukani tangu mwaka jana.

Kuna pia suala la misimu, ambalo halimo katika silabasi yoyote. Kampuni nyingi za Wilson hutegemea watalii, na wengi wao huja Maasai Mara kati ya Julai na Oktoba nyumbu wanapohama. Aprili na Mei, wakati wa masika, baadhi ya kambi hufungwa. Kampuni inayomhitaji rubani msaidizi wa Cessna Caravan mwezi Julai sharti imfunze ndege hiyo na taratibu zake kabla msimu haujaanza. Kwa hivyo, maombi yenye uzito ni yale yanayofika kati ya Januari na Machi; yale ya Agosti hukuta ofisi ikihangaikia safari za siku hiyo. Mwanafunzi aliyepanga mtihani wake wa angani Aprili hupoteza mara mbili, kwani mawingu ya chini humzuia kuruka na nafasi za Julai hujazwa na wengine.

Je, basi mitihani yote ifanywe mapema iwezekanavyo? La hasha. Barani Ulaya, mtahiniwa wa nadharia ya leseni ya juu kabisa ana miezi 18 ya kupita masomo 13, na matokeo hayo hudumu miezi 36 tu kwa anayetafuta leseni ya kibiashara na idhini ya ala. Nchini Marekani, matokeo ya mtihani wa maandishi wa leseni ya kibiashara hudumu miezi 24. Kijana anayekimbilia nadharia kabla ya kuwa na fedha za kuruka hujikuta akirudia karatasi alizokwisha kuzipita. Na Mkenya anayerejea na leseni ya kigeni hulazimika kuigeuza mbele ya mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, kabla ya kuajiriwa kurusha ndege zilizosajiliwa humu nchini. Aghalabu familia huwa haikuiwekea bajeti miezi hiyo.

Jambo gumu zaidi ni pengo kati ya saa 200 na zile 1,500 zinazohitajika, pamoja na umri wa miaka 21, kwa leseni ya juu. Marekani ililipanua pengo hilo baada ya ndege ya Colgan Air kuanguka karibu na Buffalo Februari 2009 na kuua watu 50: tangu 2013, hata rubani msaidizi wa shirika la ndege huhitaji leseni hiyo, ingawa wapo wanaoruhusiwa kuipata kwa saa pungufu. Ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa Colgan walikuwa na zaidi ya saa 1,500. Kenya haikufuata mkondo huo, lakini masharti ya kampuni za bima na ya waajiri mara nyingi hufanya kazi iyo hiyo kimyakimya.

Yapo yasiyoweza kupangwa. Kenya iliposimamisha safari za kimataifa za abiria Machi 25, 2020, na kuzirejesha Agosti 1, waliohitimu mwaka huo walijikuta wakigombea viti na marubani waliopunguzwa kazi wakiwa na maelfu ya saa. Baadhi ya wahitimu wa vipindi vya namna hiyo hugeukia ukufunzi, ambao hudai kozi nyingine na mtihani mwingine. Mshahara wake ni mdogo, lakini daftari huendelea kujaa, na anayelipia mafuta ni mwanafunzi.