"Ni Kweli" Si Jibu la Kutosha

Sisi walimu tuna ugonjwa mmoja. Tukimaliza kufundisha tunauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" nasi tunafuta ubao. Siku ya mtihani ndipo tunapogundua kwamba ile ndiyo ilikuwa ya adabu, au ya woga, au ya kutamani kengele ilie.

Nalikumbuka jambo hilo kila ninapowasikia wazee wenzangu hapa Rau wakisema kwamba mtu aliyekiri kosa mbele ya hakimu hana haki tena ya kukata rufaa. "Ulimi uliponza kichwa," husema, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nawapinga.

Nakubali kwamba sheria huanza upande wao. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliweka kwamba aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hakati rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Sababu ipo: kama kila mtu angegeuka baada ya kusomewa kifungo, kesi zisingekwisha. Kujutia adhabu si hoja ya rufaa. Hapo sina ugomvi.

Lakini lazima kwanza awe amekiri kwelikweli. Katika shauri la Adan la mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza utaratibu: mshtakiwa afafanuliwe shtaka na kila kipengele chake kwa lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kisha asomewe maelezo ya tukio, apewe nafasi ya kuyakana au kuyaongezea. Na katika shauri la Laurent Mpinga la mwaka 1983, mahakama ya hapa nchini ilitaja milango minne ya rufaa: jibu lenye utata au lisilokamilika, kukiri kwa makosa au kwa kutoelewa, shtaka lisilo kosa kisheria, na maelezo ambayo, hata yakikubaliwa yote, hayathibitishi kosa.

Tuseme kijana amechukua baiskeli ya baba yake mdogo bila kuomba, apeleke ndizi sokoni Moshi na kuirudisha jioni. Anashtakiwa kwa wizi. Anaulizwa, anajibu, "Ni kweli." Kweli ipi? Kwamba alichukua, au kwamba aliiba? Wizi unahitaji nia ya udanganyifu, na hakuna aliyemwuliza habari ya nia.

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Nilifurahi, kwa maana kwa miaka mingi mshtakiwa alijibu kwa Kiswahili, na mahakama za juu ya ile ya mwanzo zikaandika kwa Kiingereza. Lakini lugha peke yake haitoshi. Hata darasa langu lililofundishwa kwa Kiswahili liliitikia ndiyo.

Nami sisemi haya kwa usafi. Nikiwa mkuu wa shule nilipata kumchapa mwanafunzi kwa sababu alisema, "Ni mimi." Sikumwuliza alifanya nini wala alifanyaje. Baada ya siku chache mwenye kosa alijitokeza. Yule mtoto alikuwa amechoka tu kusimama ofisini kwangu. Hakuwa na pa kukata rufaa. Mshtakiwa anapo, na wazee wenzangu wasimfungie mlango huo.